Abiria wa Ijumaa

Siku ya tatu baada ya mazishi ya babu, nilifungua daftari ambamo alianza kuandika safari zake akiwa rubani wa jeshi.

Alipostaafu hakuliacha. Aliandika safari za gari lake kuukuu, akinipeleka shule: saa ya kuondoka, hali ya hewa, abiria mmoja.

"Baba, hilo ni gari, si ndege," mama alimtania.

"Abiria wangu hajalalamika," alijibu, akigonga matairi kuyakagua.

Nilipohamia mbali, kila alipopiga simu nilimwambia, "Ijumaa nakuja, babu." Ijumaa ikifika, kazi zilinibana.

Nikafunua kurasa za mwisho. Mwandiko ulikuwa umeanza kutetemeka. Kila Ijumaa, kwa miaka minne: kituo cha mabasi, kwenda na kurudi.

Hali ya hewa: shwari. Abiria: hajafika.