Pindo la Kanga

"Mkeka huu nimeusuka miezi mitatu," Bi Zamda aliliambia baraza la mtaa. "Na huyu Mashavu ni mwongo. Si mnamjua?"

Walimjua. Mwaka jana pia alianika mkeka uani ukatoweka, akamtaja Bi Zamda. Hakupata wa kumuunga mkono, basi akaamriwa aombe radhi mbele ya watu. Tangu siku hiyo hata muuza vitumbua humwita Mashavu Mwongo.

"Neno la mtu mmoja halisimami, binti yangu," mwenyekiti alimwambia Mashavu. "Una kitu cha kulitia nguvu?"

"Ukili ni ukili tu," Bi Zamda alicheka. "Au uliutia jina?"

"Safari hii niliutia, Bi Zamda. Naomba kisu."

Mashavu alipiga magoti, akakata uzi pale kili mbili, mikanda ya mkeka iliyosukwa, zinapoungana. Ndani ya mshono mlikuwa na kipande chembamba cha kanga nyekundu. Akainua pindo la kanga aliyovaa, lililochanika. Mwenyekiti alikiweka kipande pale, kikakaa sawasawa, hata nusu ya ua ikapata nusu yake.

"Mashavu, mwanangu," Bi Zamda alisema taratibu, "chukua mkeka wako, yaishe."

Mashavu alikuwa ameshakata mshono wa pili. Kipande kingine kikadondoka.

"Basi, binti, tumeona."

"Bado, mzee. Imebaki mishono tisa."

Mlangoni, muuza vitumbua alitua beseni lake, akakaa kutazama.