Viatu vya Shemeji

Shemeji yangu alikuwa kwenye mwamba wa mbali, ng'ambo ya mkondo uliokauka, akibandua kome kwa kisu. Mimi nilikaa ukingoni na mawe mawili mkononi. Zamu ya kutazama maji ilikuwa yangu: yakianza kurudi, unagonganisha mawe, na mwenzako anavuka kabla mkondo haujajaa.

Siku mume wangu alipokufa maji pale pale, zamu ilikuwa ya huyu mdogo wake. Msibani alilia mpaka sauti ikamkauka. Usingizi ulimpitia, alisema, akazinduka njia imeshafungwa. Nilimwamini.

"Shemeji," aliita bila kugeuka, "viatu vyangu visiloe. Siku ile ya kaka, nisingevisogeza juu maji yalipoanza kurudi, ningerudi pekupeku."

Akaendelea kubandua.

Nilitazama miguuni pangu. Kome mmoja, aliyekuwa ameganda mwambani tangu asubuhi kama kichwa cha msumari, alikuwa ameinua gamba lake kidogo. Maji membamba yalikuwa yamemfikia. Chini ya gamba nyama yake ilitanuka, ikalowa, ikaanza kutambaa taratibu.

"Maji vipi huko?"

Nyuma yake mkondo ulikuwa umeanza kung'aa.

"Bado, shemeji. We endelea tu."

Niliyaweka mawe chini, moja moja, yasigongane. Kisha nikachukua viatu vyake, nikavipandisha pakavu, kama alivyoniomba.