Ubeti wa Tatu

Wilfred alikuwa amejificha nyuma ya kabati la kanzu.

"Toka huko," alisema Matroni Pobjoy. "Kabati halina miguu mikubwa hivyo."

Akatoka. Kanzu nyekundu ya kwaya ilimwishia katikati ya miundi, na kola nyeupe ya makunyanzi ilimkaba shingoni mpaka akafanana na bata aliyefungwa utepe wa Krismasi. Wavulana waliokuwa wakijipanga mstari walicheka mpaka mmoja akashikwa na kwikwi.

"Mikono."

Wilfred akanyoosha mikono. Matroni alimkagua kucha kama alivyowakagua wenzake wote, mbele na nyuma.

"Mfukoni una nini?"

"Sina kitu."

"Wilfred!"

Akatoa tofi. Matroni aliitazama, akaimenya, akaila mwenyewe.

"Matroni, tumbo linaniuma."

"Tumbo hilo nalijua tangu ulipofika shule hii. Siku za mpira haliumi. Haya, nenda kwenye mstari."

Kilichomuuma Wilfred hakikuwa tumboni. Alikuja katika shule ya kwaya ya kanisa kuu la Harnsey akiwa na sauti tamu, ikavunjika kama zinavyovunjika sauti za wavulana wote, na iliporudi ilirudi kama lango la zizi lililokosa mafuta. Angeweza kusema ukweli. Badala yake alijifunza kufungua mdomo. Zaburi ikianza, mdomo ulifunguka. Zaburi ikiisha, ulifungwa. Macho aliyainua darini, nyusi akazikunja kidogo kwenye sehemu za huzuni, na watu wa Harnsey wakawa wanamsifu mpaka sokoni: yule anaimba kwa moyo! Aliyejua siri hiyo ni Matroni peke yake, naye hakuwa na haraka ya kuitumia.

Sasa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Nikolao. Siku hiyo wavulana wa kwaya humchagua mmoja wao, wakamvika joho la askofu na kofia yake ndefu, wakamkalisha kwenye kiti kikubwa, na mpaka amina ya mwisho ya ibada ya jioni neno lake ni sheria kwa kila mtu, kuanzia kasisi mkuu hadi paka wa sakristia. Safari hii walimchagua Penhallow, mtoto mdogo mwenye madoadoa usoni, ambaye pete ya askofu ilibidi ifungwe kwa uzi isimdondoke.

Penhallow hakuchezea cheo. Mchana aliamuru pudini iliwe kabla ya nyama. Kisha akasimama juu ya benchi, akagonga sakafu kwa fimbo ya kiaskofu na kutangaza: "Jioni, ubeti wa tatu wa wimbo wa mtakatifu, ataimba Wilfred. Peke yake."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wilfred naye akapiga, kwa mazoea tu, kabla hajaelewa.

Ndiyo maana ya kabati.

Kanisa lilijaa mpaka nyuma ya nguzo. Wilfred aliketi mwisho wa benchi la kwaya, magoti juu, akipapasa kidole chake na kuhesabu aibu. Akikwaruza mbele ya watu hawa, kila aliyewahi kumpa hongera atajua kwamba alikuwa anamsifu bubu.

Kando yake alikaa Piggott, mwenye sauti nzuri kuliko wote.

"Piggott," alinong'ona. "Niokoe. Siwezi kuimba."

"Najua. Mchana kwenye mazoezi nilikuwa ubavuni pako. Haukutoka hata mvuke."

"Niimbie ubeti wangu. Wewe jifiche nyuma ya kitabu, mimi nitafungua mdomo."

"Na watu wataamini?"

"Huu mdomo hawajaushtukia mpaka leo."

"Haya. Nitapata nini?"

"Keki yangu ya chai, mpaka Krismasi."

"Keki ya hapa? Kaa nayo mwenyewe." Piggott alimvuta sikio, akamtajia bei yake.

Wilfred akatoa macho. "Mwalimu Garside atanimeza mzima!"

"Basi imba."

Ubeti wa pili ulikuwa unaisha.

"Sawa! Sawa, nimekubali!"

Wilfred akasimama, akainua macho darini, akafungua mdomo. Sauti ikapanda, nyembamba, safi, ya juu kabisa, kama kengele ndogo ya fedha.

Kanisa zima likageuka. Kasisi mkuu alizamisha uso katika kitabu chake, mabega yakimtikisika. Mama anayepanga maua ya kanisa aling'ata leso. Mwalimu Garside, ambaye hakulia hata mguu ulipomvunjika, alijifuta machozi kwa mkono wa kanzu. Mpiga kinanda alikosa noti mbili, akaziacha zipite. Wilfred akakunja nyusi kidogo zaidi.

"Umeona?" alinong'ona akiketi. "Wanalia."

"Wanalia kweli," alisema Piggott, akiwa ameuma midomo.

Amina ya mwisho ikaitikiwa. Penhallow alishuka kitini kama mfalme aliyepinduliwa, akavua kofia ndefu, akakata uzi wa pete, akavibeba vyote pamoja na fimbo hadi mwisho wa benchi la kwaya.

Wilfred akavaa pete yake, akaweka kofia yake kichwani, akazichomoa ndevu zake nyeupe kwenye ile kola iliyokuwa ikizibana, na akainua mkono kuwabariki watu wa Harnsey kama alivyowabariki tangu awe askofu wao, ila siku hii moja ya mwaka anapobadilishana kiti na mvulana. "Na kesho," aliongeza kwa sauti nzito iliyotikisa vioo, bila kumtazama Mwalimu Garside, "shule ya kwaya haina masomo."