Mume Aliyeanza Kukonda

Mumewe alikuwa bado anavua raba barazani, ametoka kutembea, na yeye jikoni akamimina sukari kwenye sufuria ya uji. Akakoroga upesi, kisha akakamulia limau kubwa ili utamu usimshtue mnywaji. Akaonja. Uchachu ulitangulia, utamu ukajificha nyuma. Akafunika.

"Uji tayari, baba watoto."

"Hujatia sukari?"

"Nitie ili unigombeze?"

Mume akanywa, akafuta midomo kwa kiganja. "Una mkono wako peke yako, mke wangu. Mtamu hivi hivi tu."

Alikuwa dereva wa lori la saruji, na kazini walimwita Bonge. Miaka nenda miaka rudi alishinda nyuma ya usukani, soda moja mapajani, nyingine ikisubiri zamu yake, na jioni hakuinuka mezani mpaka sahani ya viazi vya kukaanga ing'ae. Mkewe, msusi, alimtania kwamba kitambi kile kina haki ya kulipiwa nauli. Lakini alikipenda. Kilikuwa chake.

Halafu ghafla mwanaume akabadilika. Soda akaacha. Viazi akavisukuma kando. Akanunua raba, akawa anaondoka alfajiri kwenda kutembea, na mkanda ukaanza kutafuta matundu ya ndani. Mkewe alipouliza kulikoni, alijibu, "Umri huu, mama watoto. Nisije nikapata kisukari."

Hilo lilimchoma msusi. Kisukari walikuwa nacho tayari nyumbani, kwa mdogo wake wa kiume aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kilimkaa kijana mwilini bila yeye kujua mpaka kikamla figo, na sasa maisha yake yalikuwa ya kwenda hospitali kusafishwa damu. Ndugu waliotoa ahadi za kumsaidia waliingia mitini mmoja mmoja. Na mume, kila msusi alipoanza kumlilia habari za mdogo wake, alikumbuka ghafla kwamba hajakagua matairi ya lori, akatoka nje. Mtu wa namna hiyo, kumbe, ana muda wa kujitengeneza kiuno.

Saluni aliposimulia, wateja walicheka mpaka wapita njia wakageuka.

"Mwanaume wa umri ule ajipende ghafla? Yupo anayempendea!"

Msusi naye alicheka, ila vidole vyake vilikaza msuko mpaka mteja akapiga kelele.

Huenda angemezea, kama si ile simu. Alimkuta mume nyuma ya nyumba, amempa mgongo, akiongea kwa sauti ya kubembeleza ambayo mkewe alikuwa hajaisikia tangu enzi za uchumba. "Nimepungua tena. Vumilia kidogo tu, nitakuwa tayari." Akasikiliza, akacheka taratibu. "Hapana, yeye asijue kwanza. Tutamwambia mambo yakishakaa sawa."

Msusi alirudi ndani bila kukohoa. Hakulia, wala hakuuliza. Alisimama mbele ya kabati la jikoni. Anakonda ili apendwe? Basi atanenepa. Arudi Bonge, tuone huyo mwenzake atamtaka kwa lipi.

Ndipo uji wa limau ulipoanza. Maharage nayo yakapata asali, nyanya nyingi zikaificha. Unga usiokobolewa aliouagiza mume ukachanganywa na ule mweupe, na mboga zake za kuchemsha zikapitia kwanza kwenye mafuta. Kila alipomwekea sahani mbele, msusi alijibaraguza, akaketi, akamtazama akila mpaka tonge la mwisho.

Baada ya muda mkanda ukaanza kurudi ulikotoka. Mume akachanganyikiwa. Akaongeza mwendo, akatembea asubuhi, akatembea tena jioni, miguu ikamvimba. Akapunguza chakula. Msusi naye akaongeza sukari.

"Mwili huu una nini?" mume alimuuliza siku moja, ameshika tama. "Nafanya kila nilichoambiwa."

"Labda ndivyo ulivyoumbwa," alisema. Akafurahi, akaona haya kidogo, akafurahi tena.

Mchana mmoja mume alirudi mapema, bila lori, amevaa shati lake la kutokea. Hakuingia sebuleni. Alikuja moja kwa moja mlangoni mwa jikoni, akakaa pale kizingitini kama mzigo ulioshushwa, akainamisha kichwa. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Msusi aliyasubiri machozi hayo kwa hamu. Alifuta mikono kwenye kanga, bila haraka, akamsimamia kichwani.

"Amekukataa, eh?"

Mume hakuinua uso. "Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu simu zako za uani. Sema sasa. Amekukataa?"

"Wamenikataa, mke wangu. Hospitali. Leo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kunipima. Mdogo wako ndiye aliyenizuia nisikwambie, alisema umeshavunjwa moyo vya kutosha. Figo yangu ilimfaa tangu siku ya kwanza. Walichosubiri ni sukari yangu ishuke tu. Nimetembea, nimejinyima, na bado kila wakipima imepanda. Sijui naitoa wapi."