Chumba cha Paka

Mluzi mwembamba ulitoka jikoni, ukakatika, ukaanza tena. Mama Karimi, aliyekuwa akirudi kutoka kupeleka kahawa kiwandani, aliujua: ni kifua cha binti yake. Lakini mtoto mgonjwa alitafuta nini jikoni?

Alisukuma mlango. Karimi alikuwa ameketi kwenye godoro lake kando ya mafiga, moshi umemzingira, mabega yakipanda na kushuka.

"Nani amekuleta huku?"

"Baba."

Mumewe alikuwa uani, ameridhika kabisa. "Si daktari alisema manyoya ya paka ndiyo yanambana, wasilale chumba kimoja? Nimewatenganisha."

"Ukamtoa mtoto, ukamwacha paka!"

"Paka analinda mahindi ya mle chumbani, Mama Karimi. Huyu analinda nini?"

Mama Karimi alimbeba mtoto hadi penye hewa safi, kisha akaingia chumbani. Paka alikuwa amejikunja juu ya blanketi la Karimi, manyoya yake meupe yamenasa kila mahali. Alimwinua, akamtia mikononi mwa mumewe. Magunia ya mahindi akayakokota hadi kando ya kitanda cha mume huyo. Blanketi akalitumbukiza kwenye maji ya moto, na kuta akazipanguza kwa kitambaa kilicholowa.

"Sasa mimi nilale na paka?"

"Si ni mlinzi mzuri?"

Akachuchumaa mbele ya Karimi, akasema kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia:

"Chumba ni chako, mama. Paka hatakikanyaga tena, na atakayetaka kukutoa humo atanitoa mimi kwanza."