Jogoo wa Sajini Wanyera

Sajini Wanyera alikuwa amelala kifudifudi chini ya kitanda cha watu, tochi mkononi, huku jogoo wake akilalamika mlangoni, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Afande, unatafuta nini huko?" aliuliza Kocha Jamil.

"Kunguni."

Hakupata hata mmoja. Alitoka akijikung'uta magoti, amenuna.

Miaka mingi ya kulinda wafungwa pale Jinja ilimfunza jambo moja tu: kila mtu ana pa kumshikia. Na sasa kituo hiki cha mpira cha Mbale, huku Nkoma, kilitaka kumchukua mwanawe Norman, mshambuliaji, bure. Bweni, shule, viatu, na akifanya vizuri, majaribio Ulaya. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, ya vijana wasiozidi miaka kumi na sita, na jibu lilitakiwa Jumatatu. Bure! Nani siku hizi anatoa cha bure?

Ndiyo maana alitoka nyumbani Kimaka, kule Jinja, alfajiri, bila hata kumwamsha Norman. Alijinyoa kwa wembe butu, maana ule mpya ulikuwa umepotea tena. Nyumba ile, lo, haikosi mwizi wa wembe. Mkewe Gorreti alikuwa amebeba kitoto kinacholia, na Namukose, yule binti wanayekaa naye, alikuwa akikikorogea uji.

"Mchukue yule jogoo mwekundu," Gorreti alimwambia. "Usiende kwa watu mikono mitupu."

"Nitawachunguza mpaka ndani ya sufuria."

"Wachunguze, Baba Norman. Lakini mtoto huyu akikosa hapa, ndiyo basi tena." Machozi yalikuwa karibu.

Basi aliwachunguza kwelikweli. Jikoni alifunua masufuria, akanusa maharage, akamvuta mpishi pembeni na kumwuliza kwa sauti ya chini ni nani anayekwenda na mchele nyumbani. Mpishi alimshangaa. Getini alimwuliza mlinzi kama kocha anakunywa.

"Nani, Jamil? Huyo ni mtu wa msikitini, afande. Pombe anaiona kwa macho tu."

"Na wanawake?"

"Ana mmoja, na anamwogopa."

Wanyera alisonya. Mtu asiyekula chochote, yeye hakumwamini kamwe. Wakubwa wengine hula kwa kijiko na wengine kwa pauro, lakini wote hula. Hapa palikuwa na nini?

Jamil alimkuta akiwa amesimama kando ya uwanja, jogoo kwapani, akiwakodolea macho vijana waliokuwa wakikimbia.

"Kijana wako ana nguvu, afande. Miaka kumi na tano, na mabega yale!"

"Posho ya jela," Wanyera alijibu.

"Tatizo, mwaka huu ni wa imbalu. Vijana wa Kimasaba wakishatahiriwa, tunawakosa mpaka vidonda vipone. Norman je?"

"Huyo hatakusumbua kwa hilo."

"Kweli, bado mdogo," Jamil alicheka.

Wanyera hakucheka. "Huyu daktari wenu ni mtu wa wapi?"

"Hajara? Wa Nakaloke hapa."

"Ana watoto? Wanasoma wapi? Mshahara unamtosha?"

"Ala! Afande, umekuja kumposa?"

Daktari Hajara alimpokea kwa heshima, akamweleza wanavyowapima vijana wote kabla ya kuwapokea: macho, moyo, damu, halafu mkono unapigwa picha ya mifupa. Hakuna anayeruka hata kipimo kimoja, alisema, hata awe mtoto wa waziri. Wanyera alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaurudisha mlango polepole, akamweka jogoo juu ya meza.

"Zawadi ya nyumbani, daktari. Na jogoo huyu ana ndugu zake."

Hajara aliinuka, akamchukua jogoo, akamrudishia mikononi.

"Asante, mzee. Hapa hatupokei hata yai."

"Hata mkiwa wawili tu chumbani?"

"Hata hivyo."

Wanyera alimtazama machoni kama alivyozoea kuwatazama wafungwa wapya, akisubiri apepese. Yule mama hakupepesa. Alikuwa mtu safi, safi kabisa.

Jioni aliporudi Kimaka, Gorreti alimkimbilia mpaka nje, leso inamwanguka. Kisha akamwona jogoo. Akakaa pale pale kwenye ngazi ya mlango.

"Ni wezi?" aliuliza Namukose, kitoto kikiwa mgongoni mwake.

"Laiti wangekuwa wezi!" Wanyera alivua kofia. Hakuna aliyewahi kumwona amechoka namna ile. "Nimezunguka mchana kutwa nikitafuta mmoja tu, mmoja mwenye pa kumshikia. Hayupo."

"Hata daktari?" Gorreti aliuliza.

"Hata yeye. Na picha ya mkono lazima ipigwe. Mfupa utasema miaka yake."

Gorreti akajifunika uso kwa leso.

"Norman!" Wanyera aliita. "Njoo, mwanangu."

Norman akatoka bafuni na wembe mpya mkononi, nusu ya kidevu ikiwa imejaa povu la sabuni. Kitoto kilipomwona kikaanza kurukaruka mgongoni, kikamnyooshea mikono.

"Baba!" kikaita.

Namukose akampa mumewe mtoto, akainama kumfungua jogoo kamba.