Bega la Pili

Mama mkwe alikuwa ameshafungua fundo la kanga na kumimina unga wa magome kiganjani. Kidole chake kiligusa ncha ya plasta kwenye bega la mume wangu, Loth.

"Mama, subiri kidogo," nikasema.

Akanigeukia. Alikuwa ametoka kijijini Msanzi tangu asubuhi, na dawa ile aliitwanga mwenyewe. Udongo wa shamba ulikuwa bado umekaa kwenye mikunjo ya vidole vyake.

Chini ya plasta kulikuwa na vitundu vya upasuaji, kila kimoja kama punje ya hindi. Daktari alituonya tusiviguse wala kuvipaka kitu, vijidudu visije vikapenya hadi kwenye kiungo. Lakini mkwe anamkatazaje mama asimtibu mwanawe?

Loth akatazama dari. Aliniachia mimi.

"Hilo limeshatibiwa, Mama. Linaloumia sasa ni hili la pili, maana linafanya kazi zote peke yake."

Mama mkwe akafikiri. Kisha akahamia upande wa pili na kusugua hadi Loth akaguna kwa raha. Nilipomletea maji na sabuni, akanawa mpaka kwenye viwiko bila kuuliza.

Mara akaingia shangazi yake Loth, chupa ya asali mkononi. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alishasimama mbele ya kitanda.

"Karibu, wifi. Kanawe kwanza. Halafu njoo huku, bega la kupaka ni hili."